Bertha Landes, meya aliyetaka kazi za jiji zipewe wanaostahili

Katika vipindi vyetu kuhusu serikali za mitaa, swali linalorudi mara nyingi ni la ajira. Nani anapewa kazi halmashauri, nani anaondolewa, na kwa sababu gani? Ni swali la haki kabisa, kwa sababu mwananchi wa kijijini hakutani na bajeti ya halmashauri, anakutana na mtu. Anakutana na mtendaji wa kijiji, mwalimu, muuguzi wa zahanati, afisa ugani. Mtu huyo akiijua kazi yake na akiwa na nidhamu, huduma inapatikana. Akiwa amewekwa pale kwa kujuana, mwananchi ndiye anayeumia.

Leo tunawaletea maisha ya mwanamke aliyepambana na jambo hilo hilo, mbali na huku kwetu na miaka karibu 100 iliyopita. Aliitwa Bertha Knight Landes. Mwaka 1926 alichaguliwa kuwa meya wa Seattle, jiji la bandari lililo kaskazini magharibi mwa Marekani, kwenye pwani ya bahari ya Pasifiki. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza jiji kubwa nchini humo. Hakuwa afisa utumishi kwa cheo. Lakini ukifuatilia kazi yake ya siasa tangu mwanzo hadi mwisho, utaona inazunguka jambo moja: watu gani wapewe kazi ya umma, na afanywe nini anayeichezea kazi hiyo.

Kuzaliwa na kukua

Bertha alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1868 katika mji mdogo wa Ware, jimbo la Massachusetts, mashariki mwa Marekani. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto tisa. Baba yake alikuwa amepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo, upande wa serikali ya kaskazini, na alirudi akiwa na jeraha. Bertha akiwa bado mtoto mdogo, familia ilihamia mji mkubwa zaidi wa Worcester.

Wakati huo wasichana waliofika chuo kikuu walikuwa wachache. Bertha alipata njia kupitia dada yake, aliyeolewa na David Starr Jordan, mkuu wa Chuo Kikuu cha Indiana. Mwaka 1888 alikwenda kuishi nyumbani kwao na kusoma, na mwaka 1891 akahitimu shahada katika somo la historia. Akarudi Worcester na kufundisha sekondari kwa miaka mitatu.

Chuoni Indiana ndiko alikokutana na Henry Landes, kijana aliyesomea miamba na madini. Walioana mwaka 1894. Mwaka uliofuata walihamia Seattle, na Henry akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Washington, kilichopo katika jiji hilo.

Maisha ya nyumbani hayakuwa mepesi. Walizaa watoto, lakini mwana mmoja tu, Kenneth, ndiye aliyefika utu uzima. Binti yao Katherine alifariki akiwa bado mdogo. Baadaye walimchukua msichana mwingine, Viola, wakamlea kama mtoto wao.

Shule yake ya uongozi

Wanawake wa jimbo la Washington walipata haki ya kupiga kura mwaka 1910, miaka kumi kabla ya haki hiyo kuwekwa katika katiba ya Marekani nzima. Bertha alikuwa tayari mtu wa vikundi vya wanawake. Vikundi hivyo vilisoma pamoja, vilisaidia wenye shida na kufuatilia mambo ya shule, afya na usafi wa mji. Humo ndani alijifunza kuendesha kikao, kutunza hesabu na kugawa kazi kwa watu wengi bila ugomvi. Mwishoni aliongoza shirikisho la vikundi hivyo kwa Seattle nzima.

Kipimo chake kikubwa kilikuja mwaka 1921. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha, na viwanda vya kutengeneza meli vilivyoajiri maelfu ya watu vilikuwa vimepunguza kazi. Mwaka 1919 jiji lilikuwa limeshuhudia mgomo mkubwa, ambapo wafanyakazi wapatao 65,000 waliacha kazi kwa siku kadhaa. Sasa kulikuwa na vijana wengi mitaani wasio na ajira. Bertha aliandaa maonyesho ya wiki nzima ya bidhaa zilizotengenezwa jimboni, ili wananchi wanunue vya kwao na viwanda vya nyumbani vipate nguvu. Zaidi ya wanawake 1,000 walifanya kazi katika maonyesho hayo, na kila mmoja alipangiwa nafasi yake.

Wafanyabiashara wa jiji walishangaa. Walikuwa wamezoea kuwaona wanawake hao kama watu wa chai na mazungumzo. Meya wa wakati huo, Hugh Caldwell, alimteua Bertha kwenye tume ya watu watano ya kushughulikia tatizo la ukosefu wa ajira. Alikuwa mwanamke pekee katika tume hiyo.

Kuingia barazani

Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 53, aligombea udiwani na akashinda kwa kura nyingi. Mwanamke mwingine, Kathryn Miracle, alishinda pia. Hao wawili ndio walikuwa madiwani wanawake wa kwanza katika historia ya Seattle.

Bertha aliieleza siasa kwa lugha ya nyumbani, lugha iliyoeleweka na kila mtu. Kwake yeye jiji lilikuwa nyumba kubwa, na nyumba inahitaji usafi, bajeti na watu wanaojua zamu zao. Akiwa diwani alisimamia sheria ndogo za kudhibiti kumbi za dansi, kwa sababu wasichana wadogo walikuwa wakiharibiwa humo. Alitetea pia umeme unaomilikiwa na jiji lenyewe, usiingie mikononi mwa kampuni binafsi.

Mwaka 1924 madiwani wenzake walimchagua kuwa mwenyekiti wa baraza. Kwa utaratibu wa jiji, mwenyekiti ndiye aliyekaimu nafasi ya meya pale meya aliposafiri. Hapo ndipo jina lake lilipovuma.

Siku alizokaimu umeya

Ili tuelewe kilichotokea, inabidi tukumbuke mambo mawili. La kwanza, katika miji ya Marekani polisi wako chini ya jiji, na mkuu wa polisi wa Seattle alikuwa mteule wa meya. La pili, miaka hiyo pombe ilikuwa imepigwa marufuku nchi nzima. Seattle iko karibu na mpaka wa Kanada, ambako pombe ilipatikana, na biashara ya magendo ilikuwa kubwa. Mfanyabiashara wa magendo aliyejulikana kuliko wote mjini, Roy Olmstead, alikuwa luteni wa zamani wa polisi wa jiji hilo hilo. Vilabu vya siri na nyumba za kamari vilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na askari waliolipwa ili wafumbe macho.

Mwezi Juni 1924 Meya Edwin Brown alisafiri kwenda New York kwenye mkutano mkuu wa chama chake. Bertha akabaki akikaimu. Muda mfupi kabla ya hapo, mkuu wa polisi, William Severyns, alikuwa amenukuliwa gazetini akikiri kwamba kikosi chake kilikuwa na askari wapatao 100 wala rushwa.

Bertha aliyachukulia maneno hayo kama msimamizi yeyote wa watumishi anavyopaswa kuyachukulia. Kama mkuu wa idara anajua ana watu 100 wasiofaa, basi awaondoe, na kama hawaondoi, aeleze kwa nini. Alimwandikia barua akimtaka awaondoe. Mkuu huyo alijibu kwa barua ya dharau, akimwambia kwa maneno mengine asiingilie kazi isiyomhusu. Bertha alihesabu jibu hilo kuwa ni utovu wa nidhamu, akamwachisha kazi.

Hakuishia hapo. Alichukua mwenyewe usimamizi wa polisi na kuagiza sheria itekelezwe. Vilabu vya siri vikafungwa, michezo ya kamari ikasimama. Habari zikaenea nchi nzima, kwamba kuna mwanamke Seattle amemfukuza mkuu wa polisi. Meya Brown alilazimika kurudi haraka, na alipofika tu akamrudisha Severyns kazini.

Kwa mtazamo wa juu juu, Bertha alikuwa ameshindwa. Baada ya siku chache kila kitu kilirudi kilivyokuwa. Lakini wananchi walikuwa wameona kitu kwa macho yao. Kwa miaka walikuwa wakiambiwa kwamba kamari na rushwa haviwezi kuzuilika. Sasa walijua vinaweza, kwa sababu vilikuwa vimezuiwa, na kwamba kilichohitajika ni kiongozi anayewawajibisha watu wake.

Kuchaguliwa kuwa meya

Mwaka 1926 vikundi vya wanawake na wananchi wengine wapenda mageuzi walimwomba agombee umeya dhidi ya Brown. Hakukubali kwa haraka. Alikuwa akiunga mkono pendekezo lililokuwa likipigiwa kura katika uchaguzi huo huo, kwamba jiji liajiri mkurugenzi mtaalamu wa kusimamia shughuli za kila siku, achaguliwe kwa ujuzi wake na si kwa kampeni. Kwa msikilizaji wa Tanzania wazo hilo si geni, maana halmashauri zetu zina wakurugenzi. Kwa Seattle lilikuwa jambo jipya, na lilishindwa kwa kura chache sana.

Yeye mwenyewe alishinda, akimzidi Brown kwa kura zipatazo 6,000. Aliapishwa mwezi Juni 1926, akiwa na umri wa miaka 57. Jiji alilokabidhiwa lilikuwa na watu zaidi ya 300,000.

Kwa kuwa mkurugenzi mtaalamu hakupatikana, Bertha aliamua kuendesha ofisi ya meya kwa moyo ule ule. Nafasi za wakuu wa idara alizijaza kwa kuangalia sifa na uzoefu. Hilo linaonekana dogo likisemwa, lakini katika miji mingi ya Marekani wakati ule mambo yalikwenda kinyume. Mgombea akishinda, waliomfanyia kampeni walifika ofisini kudai zawadi zao, na zawadi zenyewe zilikuwa kazi. Aliyekusanya kura mtaani aliweza kuwa msimamizi wa barabara bila kujua barabara inajengwaje. Uchaguzi uliofuata wakiingia wengine, walitolewa wote na kuletwa wapya, nao wapya walianza kujifunza upya kwa fedha za walipa kodi.

Matunda ya kuteua wataalamu yalionekana katika hesabu. Mwaka 1919 jiji lilikuwa limenunua mtandao wa treni za mjini, zile zinazopita kwenye reli barabarani, kwa dola milioni 15. Wengi waliona bei hiyo ilikuwa kubwa mno, na deni lake lilikaba jiji kwa miaka. Chini ya Bertha usimamizi wa treni hizo uliimarishwa, na fedha za jiji kwa jumla ziliwekwa katika hali nzuri. Viwanja vya mapumziko viliboreshwa. Idara ya umeme iliendelea kukua chini ya mhandisi James Delmage Ross, mtaalamu aliyekuwa akijenga mitambo ya kufua umeme katika mto Skagit. Bertha alimuunga mkono Ross, ingawa kampuni binafsi za umeme hazikumpenda hata kidogo.

Upande wa polisi, alimteua mkuu mpya na kuendelea kubana kamari, pombe ya magendo na hongo. Kazi hiyo ilimpa sifa kwa wengi. Ilimjengea pia maadui, na baadhi yao walikuwa na fedha.

Kwa nini alishindwa

Kipindi cha umeya Seattle kilikuwa miaka miwili tu. Mwaka 1928 Bertha aligombea tena. Magazeti ya jiji yalimuunga mkono, vikundi vya wanawake vilimuunga mkono, na hakuna aliyeweza kumnyooshea kidole cha wizi. Mpinzani wake, Frank Edwards, alikuwa mfanyabiashara wa majumba ya sinema ambaye hakuwa na jina katika siasa. Hata hivyo Edwards alimshinda vibaya, kwa kura zipatazo 59,000 dhidi ya 40,000.

Sababu zilikuwa kadhaa. Edwards alitumia fedha nyingi katika kampeni na alikwepa kukutana naye kwenye mdahalo wa hadhara. Waliokuwa wamebanwa na usimamizi mkali walitaka nafuu. Na kampeni dhidi ya Bertha iligusa jinsia yake moja kwa moja: jiji kubwa linamtaka mwanamume. Hoja hiyo ilipata wasikilizaji, hata baada ya miaka miwili ya kazi iliyoonekana.

Sisi tunaongeza sababu moja. Kazi ya kuweka watu sahihi mahali pao haina makofi. Daraja likijengwa, watu wanapiga picha. Mhasibu mwaminifu akiajiriwa, hakuna sherehe, maana faida yake ni fedha ambayo haikuibiwa, na fedha ambayo haikuibiwa haionekani. Mtu anayefanya kazi ya namna hiyo anaondolewa kwa urahisi, kwa sababu wanaonufaika naye hawajui kwamba wananufaika.

Watu wa Seattle walikuja kujua. Mwezi Machi 1931 Meya Edwards alimfukuza kazi Ross, yule mhandisi wa umeme. Safari hii wananchi walikasirika. Walikuwa wakiona umeme wa bei nafuu majumbani mwao na walimjua aliyewaletea. Walikusanya saini za kumwondoa meya kabla ya muda wake, kura ikapigwa mwezi Julai, na Edwards akatolewa. Meya aliyefuata, Robert Harlin, alimrudisha Ross kazini. Kwa hiyo jambo ambalo Bertha alilipigania mwaka 1924 akiwa karibu peke yake, kwamba ofisi ya umma haichezewi na mteuzi apendavyo, baada ya miaka saba lilipiganiwa na jiji zima kwenye sanduku la kura.

Miaka ya mwisho

Bertha hakugombea tena. Aliandika makala na kutoa hotuba akiwahimiza wanawake waingie katika uongozi wa miji yao. Alishika pia uongozi katika chama cha wanawake wenye taaluma kiitwacho Soroptimist. Mdororo mkubwa wa uchumi ulipoikumba Marekani kuanzia mwaka 1929, alirudi kwenye suala lake la zamani la ajira. Aliongoza juhudi za jiji za kuwasaidia wanawake waliokosa kazi, zikiwemo karakana za ushonaji ambako wanawake walishona nguo na kulipwa.

Mume wake Henry alifariki mwaka 1936. Afya ya Bertha nayo ilidhoofika, na mwishoni alikwenda kuishi na mwanawe Kenneth katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan. Kenneth alifuata nyayo za baba yake, akawa profesa wa elimu ya miamba. Bertha alifariki huko tarehe 29 Novemba 1943, akiwa na umri wa miaka 75.

Baada yake Seattle haikumchagua mwanamke mwingine kuwa meya hadi mwaka 2017, miaka 91 tangu ushindi wake, alipochaguliwa Jenny Durkan. Leo ukumbi mmoja katika jengo la makao makuu ya jiji unaitwa kwa jina la Bertha. Jiji lilipoamua kuchimba njia ya magari chini ya ardhi, mashine ya kuchimbia, iliyokuwa na upana wa zaidi ya mita 17, ilipewa jina la Bertha kwa heshima yake. Ilianza kazi mwaka 2013, ikakwama njiani kwa muda mrefu, ikatengenezwa, na mwaka 2017 ikatokea upande wa pili.

Kwetu tunaosikiliza tukiwa vijijini, kuna kitu cha kuchukua katika maisha haya. Bertha alianza na swali ambalo mwananchi yeyote anaweza kuuliza. Kiongozi wa idara alikiri mwenyewe kwamba ana watumishi wasiofaa, naye akamuuliza: sasa umewafanya nini? Kwenye mkutano wa kijiji, kwenye kikao cha kata, pale diwani anapokuja kutoa taarifa, swali hilo linaruhusiwa. Likiulizwa kwa adabu, na likiulizwa tena mkutano unaofuata, ni vigumu kulikwepa.